Sindano, Muhuri na Bibi wa Maktaba

Katika milima ya Upare, kitabu cha hadithi cha mtoto hufa kwa kutu. Vijitabu hivi vyenye kurasa ishirini au thelathini hubanwa katikati kwa pini mbili za stepla. Huku chini, Same mjini au Makanya, ambako mvua ni ya kuhesabu na hewa ni kavu, pini hizo hukaa miaka. Vipandishe Mbaga, Vudee au Chome, chini ya Shengena, kilele kinachopita mita 2,400, ambako ukungu huingia darasani asubuhi na kukaa humo mpaka jua lipate nguvu. Msimu mmoja wa mvua unatosha. Pini inashika kutu, kutu inakula karatasi, kurasa za katikati zinachomoka, na kabla mwaka haujaisha hadithi ina mwanzo na mwisho tu.

Wengi tukikiona kitabu cha namna hiyo tunasema kimekwisha. Bibi wa maktaba ninayetaka kumweleza hapa hasemi hivyo. Simpi jina wala kijiji. Nimemchora kutoka kwa kina mama kadhaa wa kazi hii, baadhi yao walimu wastaafu, baadhi waliotumikia maktaba mjini wakarudi nyumbani kulea wajukuu, na kila mmoja angeona haya kusifiwa peke yake. Wanachofanana ni mikono. Kwa hiyo tuanze na mikono.

Anakilaza kitabu mezani, anakifunua katikati, ananyanyua miguu ya pini kwa kisu butu cha kupakia siagi. Ananyanyua mguu mmoja, anapumzika, ananyanyua wa pili. Pini yenye kutu ukiivuta kwa pupa inaondoka na karatasi, na hapo umejiongezea kazi. Pini zikishatoka anapangusa unga wa kutu kwa mswaki mkuukuu, anapanga kurasa kwa kufuata namba, anazigonga mezani mpaka kingo zilingane. Kisha anatoboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa msumari mdogo: moja katikati, moja juu, moja chini. Uzi wake ni wa pamba, ameusugua kwenye kipande cha nta ya nyuki mpaka umekuwa mgumu kidogo na maji hayaupenyi kwa urahisi.

Sindano inaanzia ndani, inatokea nje kwenye tundu la katikati. Inaingia kwa tundu la juu. Ndani, uzi unaliruka tundu la katikati na kwenda moja kwa moja hadi la chini, unatoka nje, halafu unarudi ndani kwa katikati. Sasa ncha mbili za uzi zimekutana, moja upande huu wa uzi mrefu, nyingine upande ule, na fundo linafungwa juu yake ili lisiteleze. Kitabu kilichoshonwa hivyo hakina chuma cha kushika kutu. Tena kinafunguka na kutulia mezani bila kushikiliwa, jambo ambalo hata kilipotoka dukani hakikuliweza. Kazi nzima haifiki nusu saa kwa mwenye mkono uliozoea. Mimi ninayeandika nimeshona kwa mwongozo wa mkono kama huo, na nakiri kwa heshima kwamba kubana uzi kiasi cha kutosha bila kuchana karatasi ni jambo la vidole kujua. Maelezo hayafiki huko.

Jalada lililochanika linataka gundi, na gundi anaipika mwenyewe kwa unga wa ngano na maji, moto mdogo, mwiko haupumziki, mpaka iwe nzito na ianze kung'aa. Wazee waliolima kahawa humshauri atie mrututu, ile dawa ya bluu iliyopulizwa kwenye mibuni, ili wadudu wasiile. Ushauri una msingi, kwa kuwa wajalidi wa nchi za joto wamewahi kufanya hivyo. Bibi anakataa. Watoto hulamba kidole wanapofunua ukurasa, na mrututu ni sumu. Anachofanya ni kupika gundi ya siku hiyo tu, kuipaka nyembamba, na kukikandamiza kitabu katikati ya mbao mbili chini ya jiwe hadi kesho yake. Kipande cha kitambaa kinachoshika mgongo wa kitabu huenda ni kanga iliyochakaa. Ukiona kitabu cha hesabu chenye mgongo wa maua mekundu, ujue kimepita kwake.

Sasa msikilize akizungumza na mteja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umesimama mlangoni?"

Mtoto hajibu. Anatoa kitabu ndani ya sweta. Kimevimba.

"Mvua ilinikuta njiani, bibi."

"Na wewe ulilowa?"

"Nililowa."

"Basi mmelowa wote wawili. Ingia, kaa hapa, tukikaushe."

Kitabu kilicholowa hakianikwi juani, kwa sababu jua linakausha kingo kabla ya katikati na kurasa zinajikunja zisikunjuke tena. Kinawekwa kivulini penye upepo, magazeti yanapachikwa baada ya kila kurasa chache, na magazeti yenyewe yanabadilishwa yakishanyonya maji. Kikikaribia kukauka kinaingia chini ya jiwe. Mtoto atabadilisha magazeti hayo mwenyewe, leo na kesho. Hiyo ndiyo faini yake. Bibi hatozi fedha, na ana sababu: mzazi akidaiwa hata shilingi mia tano kwa kitabu, dawa yake ni kumkataza mtoto asiazime tena. Mtoto aliyekaa saa nzima akikausha kurasa moja moja harudi kukitumia kitabu kama mwavuli.

Ufundi huu haukuokotwa njiani. Sheria ya kuunda bodi ya maktaba ilipitishwa mwaka 1963, nchi ikiwa bado changa, na wazalendo waliosomea ukutubi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mwaka huohuo shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ilianza huko Makerere, Kampala, na Watanzania wa mwanzo wakapelekwa huko. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Mkurugenzi wa kwanza wa huduma ya maktaba nchini, Max Broome, alitoka Uingereza, na baada yake uongozi ukashikwa na Mtanzania, E. E. Kaungamno, katika miaka ambayo maktaba ilitakiwa kutoka mjini na kumfuata mkulima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kampeni ya kufuta ujinga ikafuata, na watu wazima waliojifunza kusoma usiku kwa taa ya kandili walihitaji kitu cha kusoma kesho yake, la sivyo herufi zingewatoka. Ndipo zikaja maktaba za vijiji: kabati moja, vitabu vya kilimo, afya na siasa, na mkutubi aliyelipwa posho ndogo. Kufikia mwaka 1986 serikali ilihesabu kwamba asilimia 90.4 ya watu wazima wanajua kusoma na kuandika. Tunapoisifu namba hiyo huwa tunawataja walimu wa kisomo, nao wanastahili. Aliyekaa na ufunguo wa kabati hatumtaji.

Miaka ya themanini ilikuwa migumu, karatasi ikawa adimu, makabati mengi yakabaki na kufuli na mchwa. Mwaka 1989 chuo cha ukutubi kilianzishwa Bagamoyo, na mwaka 1991 ukaja Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioshawishi wachapishaji watoe hadithi za Kiswahili kwa kuwahakikishia kwamba sehemu kubwa ya nakala itanunuliwa na kupelekwa mashuleni. Vingi vya vijitabu vile vya pini mbili nilivyoanza navyo vina asili yake katika juhudi za namna hiyo. Kwa hiyo bibi anaposhona, anaokoa kazi iliyogharimu watu wengi, kuanzia mwandishi na mchoraji hadi dereva wa basi aliyepandisha boksi kwenye kona za mlima.

Baada ya mikono, kichwa.

Mgeni anayeingia kwenye chumba cha vitabu cha shule ya kata huona vitabu vimesimama tu. Haoni kwamba kila kimoja kimepewa mahali pake na kwamba mahali hapo pamefikiriwa. Mwaka 1876 Mmarekani Melvil Dewey alitoa mfumo wa kugawa maarifa yote katika makundi kumi, na kila kundi kuligawa tena kwa kumi, na tena, hadi mahali unapotaka. Kilimo kikaangukia 630, ufugaji nyuki 638, ngano za mababu 398.2, historia ya Tanzania 967.8. Ni mfumo mzuri sana wa kutafutia kitu. Lakini ulitengenezwa na mtu aliyesimama kwao na kutazama ulimwengu kutoka hapo. Fasihi ya Kiingereza imepewa 820 nzima. Fasihi ya Kiswahili, pamoja na Shaaban Robert, Kezilahabi na wengine wote, imewekwa 896.392, ikibanana na fasihi za mamia ya lugha nyingine za Afrika. Kwenye dini, Ukristo umechukua karibu namba zote za 200, na Uislamu umesogezwa hadi 297. Na Same ni wilaya ambamo Walutheri, Waadventista, Wakatoliki na Waislamu wanazikana na kuoana, na wengine wamo ndani ya ukoo mmoja.

Mkutubi asiye na ubunifu atafanya mojawapo ya mambo mawili. Atazifuata namba kama amri, na Kiswahili kitakwenda kuishia shelfu ya mwisho nyuma ya mlango. Au atazitupa zote na kupanga vitabu kwa urefu. Bibi anafanya la tatu. Namba kamili anaiandika kwa penseli ndani ya jalada, kwa sababu anaamini maktaba yake itakua na siku moja mtu aliyesomea Bagamoyo atakuja kuidai. Nje, kwenye mgongo, anabandika utepe wa rangi: kijani kilimo na mifugo, nyekundu afya, njano hadithi. Hadithi za Kiswahili zinakaa mbele, kwenye usawa wa macho ya mtoto wa darasa la tatu. Vitabu vya dini zote viko shelfu moja, urefu mmoja, na hakuna kilichowekwa juu ya kingine. Nimewahi kuona maktaba kubwa zilizojengwa kwa fedha nyingi ambazo hazijafikiriwa kwa kina namna hiyo.

Halafu kuna suala la nani amechukua nini. Kompyuta ikiwapo ni jambo jema, lakini umeme wa milimani una hiari yake, na bibi anatumia kadi. Mfumo wenyewe unaitwa wa Browne, kwa jina la Nina Browne, mkutubi mwanamke wa Marekani wa mwishoni mwa karne ya 19, na Waingereza waliueneza kwenye maktaba za makoloni yao. Kila kitabu kina kadi yake ndani ya kimfuko. Kila msomaji ana kibahasha chenye jina lake. Ukiazima, kadi ya kitabu inaingia kwenye kibahasha chako, na hivyo viwili vinakaa kwenye sanduku refu la mbao kwa mpangilio wa tarehe ya kurudisha. Ukirudisha, vinaachana: kadi inarudi kitabuni, kibahasha kinarudi kwako. Mkutubi anapitisha kidole kwenye sanduku na kujua nani amechelewa, bila kuwasha chochote. Na kwa kuwa kadi ikishatoka kwenye kibahasha haibaki alama yoyote, hakuna atakayejua mwezi ujao kwamba fulani aliazima kitabu kuhusu Ukimwi au kuhusu talaka. Kijiji ni kidogo. Siri hiyo ni sehemu ya ufundi, na bibi anailinda kwa ukali ambao huuoni kwake katika jambo lingine lolote.

Sehemu ngumu kuliko zote haina chombo. Ni kumtazama mtu akiingia na kujua apewe nini. Mkutubi wa Kihindi S. R. Ranganathan aliweka kanuni tano za kazi hii mwaka 1931 kule Madras, na moja yake inadai kwamba kila kitabu kina msomaji wake. Kazi ya mkutubi ni kuwakutanisha. Bibi hana haja ya kumtaja Ranganathan. Kijana wa kidato cha pili aliyeamini kwamba kusoma ni adhabu ya shule anapewa Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960, na anaambiwa, "Huyu Bwana Msa ana kiko na ana akili. Nenda naye mpaka sura ya pili. Ukichoka mrudishe, sitakuuliza." Kijana anarudi baada ya siku mbili kuuliza kama Bwana Msa ana kesi nyingine. Mkulima wa tangawizi kutoka Mamba anataka kujua kwa nini mizizi inaoza. Anapewa kijitabu, na kama macho yake hayafai tena, anasomewa. Msichana anayekuja kila siku na kukaa pembeni bila kuchukua chochote hasumbuliwi hata kidogo. Bibi anajua kwamba huyo kafuata utulivu, na utulivu nao unaazimishwa hapa.

Kujua huku kunatokana na kuwa bibi. Nasema hivyo bila kusitasita. Amelea watoto, sasa analea wajukuu, amekaa kwenye misiba na harusi za kijiji kizima, anajua nani hajala na nani baba yake amerudi kutoka mjini na hasira. Mkutubi kijana mwenye stashahada anaweza kumshinda kwa uorodheshaji, na ni vizuri amshinde. Lakini bibi, mtoto akisema "nataka kitabu chochote", anajua ni yupi anayetaka kicheko na ni yupi anayetaka kulia mahali asipoonekana.

Alhamisi jioni, wakati mbuzi wanarudishwa, ni saa ya hadithi. Hapa hafungui kitabu kwanza. Anaanza kwa "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!", anasimulia kwa mdomo ngano aliyosimuliwa na bibi yake kwa Chasu, lugha ya Wapare, anakatiza mahali patamu, kisha ananyanyua kitabu na kusema kwamba kuna nyingine inayofanana na hii, iko humu, mwisho wake mkautafute wenyewe. Baadhi ya wasomi wetu waliandika kana kwamba hadithi za mdomo na vitabu ni mahasimu, kimoja kikiingia kingine kinatoka. Waje Alhamisi.

Na sasa shelfu ambayo mimi ningeiokoa kwanza kama nyumba ingeshika moto. Iko karibu na meza yake, haina rangi, imeandikwa UPARE kwa herufi za mkono. Juu yake kuna historia ya kisiasa ya Wapare iliyoandikwa na Isaria Kimambo na kuchapishwa mwaka 1969, na kijitabu chake cha 1971 kuhusu Mbiru, ule mgomo wa kodi ambapo mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka milimani na kwenda kukaa Same, makao ya mkuu wa wilaya wa kikoloni, na baadaye wanawake nao wakaingia kwa nguvu zao wenyewe. Vyote viwili viko kwa Kiingereza, kwa hiyo bibi ameweka ndani yake muhtasari wa kurasa chache za Kiswahili aliouandika kwa mkono. Kuna Agano Jipya la Chasu. Kuna maelezo kuhusu Jakob Janson Dannholz, mmisionari wa Kilutheri aliyekaa Mbaga mwanzoni mwa karne ya 20, na Ernst Kotz wa Kiadventista, waliokuja kuhubiri wakaishia pia kuandika mila za wenyeji, wakati mwingine kwa kuelewa, wakati mwingine kwa dharau.

Lakini kilicho adimu kabisa kwenye shelfu hiyo ni madaftari ya shule, yale ya kurasa arobaini na nane. Kila mwaka wanafunzi wa darasa la sita wanatumwa kwa wazee na maswali: miti ya dawa na majina yake, mashimo ya zamani ya kuyeyushia chuma, nyimbo za kuchimba mfereji, ndiva iliyo juu ya kijiji ilichimbwa na ukoo gani na zamu za maji zilipangwaje. Mtoto anaandika, mzee anasomewa na kurekebisha, bibi anashona madaftari matano pamoja, anayapa jalada gumu la boksi, anagonga muhuri, anaandika namba kwenye daftari la kupokelea vitabu sawasawa na anavyofanya kwa kitabu kilichotoka London. Kwa nchi iliyoandikwa sana na wageni, kitendo hicho cha kugonga muhuri ni kikubwa kuliko kinavyoonekana. Daftari la mtoto wa Upare sasa lina namba. Linaweza kuazimwa. Linaweza kudaiwa likichelewa.

Nimetaja ndiva, na kwa msomaji asiyetoka huku nieleze kidogo. Ni bwawa dogo lililochimbwa mlimani, kama lile la Manoo kule Bangalala. Usiku mfereji unalijaza maji ya kijito, asubuhi linafunguliwa, na maji yanakwenda mashambani kwa zamu zinazojulikana. Bila bwawa, maji ya usiku yangepotea bure huku watu wamelala. Ndiva haifanyi kazi kwa kuwa imechimbwa. Inafanya kazi kwa sababu kila mwaka watu wanatoka kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo Wapare wamejengea pia shule na zahanati zao, wanaondoa tope, wanaziba nyufa, na kuna mtu anayeaminiwa kusimamia zamu. Maktaba ya mlimani ni ndiva, na bibi huyu ndiye msimamizi wa zamu. Tofauti ni kwamba tope lake anaondoa peke yake.

Tope lenyewe ni pamoja na misaada. Nalisema hili nikiwa na shukrani kwa kila aliyewahi kutuma kitabu Afrika. Maboksi huja kutoka ng'ambo yamejaa miongozo ya kompyuta za miaka thelathini iliyopita, riwaya za theluji, vitabu vya sheria za majimbo ya Marekani. Shule inapiga picha, wafadhili wanashukuriwa, na bibi anabaki na maboksi. Kuchagua cha kubaki ni kazi ya wiki kadhaa, na kukataa kunahitaji ujasiri, maana kuna wanaoona kila kitabu ni mali. Yeye anauliza swali moja: nani hapa atakisoma? Kisicho na jibu kinatoka, na karatasi zake zinakwenda kukausha vitabu vilivyolowa. Shelfu zake hazijajaa, na kila kilichopo kina msomaji anayejulikana.

Namtazama na kuona ufundi ambao tumeuacha utegemee uzalendo wa mtu. Tunazindua majengo kwa kukata utepe. Tunahesabu vitabu vilivyogawiwa. Kwenye bajeti ya shule nyingi hakuna mstari wa mkutubi, achilia mbali wa uzi na sindano, na chumba cha vitabu anakabidhiwa mwalimu mwenye vipindi vingi kuliko wenzake. Kisha tunashangaa kwamba baada ya miaka mitatu vitabu havipo. Vitabu havikuibwa. Vilikosa mtu.

Ndugu zangu mliotoka Same na Mwanga mkatawanyika Dar es Salaam, Arusha, Dodoma na nje ya nchi, mnapanda milimani kila Desemba na mnachangia sana, tena bila kulazimishwa. Mwaka huu pitieni chumba cha vitabu cha shule mliyosoma. Muulizeni anayekishika anahitaji nini. Atataja uzi wa pamba, nta, kadi ngumu, utepe wa rangi, hadithi mpya za Kiswahili kutoka kwa wachapishaji wetu wenyewe, na mabati mawili ya kuziba panapovuja. Hayo yote hayafiki gharama ya ng'ombe wa sikukuu. Kisha mfanye lililo gumu zaidi: changeni posho ya mwezi kwa msichana au kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, akae kando ya bibi huyo mwaka mzima, ajifunze kushona, kupanga, kutunza siri na kumsoma mtu anayeingia mlangoni. Bibi ana miaka yake, na macho yake ya kutungia uzi yameanza kuomba msaada wa mjukuu.